Siku moja maishani mwangu: muuza vitabu, Mwanza

Saa 12:30 asubuhi. Daladala ya Buhongwa imejaa lakini konda bado anaita abiria. Kijana niliyebanana naye ameweka hedifoni, na kwenye kioo cha simu yake naona jina la simulizi ya majini, imeshafika sehemu za huko mbali. Simulizi kama hizi huuzwa WhatsApp kwa vipande. Unatuma hela kwa simu, unatumiwa kipande kinachofuata. Kila nikisikia kwamba Watanzania wameacha kupenda hadithi za maajabu, huwa nawakumbuka abiria wa asubuhi.

Saa 2. Nafungua duka, si mbali na Makoroboi. Meza ya mbele ni vitabu vya kiada na ziada, madaftari na kalamu. Hivyo ndivyo vinavyolipa kodi ya pango. Riwaya ziko rafu ya nyuma.

Saa 4. Anaingia mama na orodha ya shule mkononi, na mtoto wake wa darasa la tano. Mtoto anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, anarudi na kitabu chenye picha ya zimwi.

"Hicho kipo kwenye orodha?"

"Hapana, mama."

"Haya, kirudishe."

Simlaumu, maana hela yenyewe ameileta ya kuhesabu. Lakini hapo ndipo soko letu lilipokwama: kisichokuwa kwenye orodha hakinunuliwi, na kisichonunuliwa mchapishaji hakigusi. Na bado nasema maajabu si mambo ya kitoto. Shaaban Robert alitoa *Adili na Nduguze* mwaka 1952, kitabu chenye majini na ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na hadi leo watu wazima huja kukiulizia.

Saa 6. Binti anayesoma chuo kule Malimbe anatafuta riwaya ya Kiingereza yenye mazimwi na mapenzi, ameiona TikTok. Nampekulia kwenye marobota ya mitumba, naikosa. Huko nje sasa hivi fantasia, yaani hadithi za maajabu, inayopigiwa debe zaidi ni hiyo iliyochanganywa na mahaba. Ile ya zamani ya safari ndefu, upanga na nchi inayohitaji kuokolewa, iliyopata umaarufu kwa vitabu vya mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien vya 1954 na 1955, haijafa, ila imesogezwa pembeni kidogo.

Namuuliza, "Dada, Shing'weng'we unamjua?"

Uso unamchangamka. Bibi yake alimsimulia: zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana akawa anakwenda porini, anarudi na panzi: "Mama, Shing'weng'we ndiye huyu?" Siye. Anarudi na ndege. Siye. Hadi siku alipokutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja, naye badala ya kushukuru akataka kumloga. Hilo sikio ndilo linalonishika mimi. Shujaa anaokoa kabila zima na bado ana kesi ya kujibu! Riwaya nzima ya watu wazima imejificha pale. Binti anasema hajawahi kuiona hadithi hiyo kitabuni.

Saa 8. Ugali, sato, haraka haraka.

Saa 9. Mzee kutoka Ukerewe, ameshuka melini na kaunta buku tatu zilizofungwa kwa kamba. Shikamoo, marahaba, anakaa. Ameandika kwa mkono kisa cha mtoto wa mvuvi anayeteremka chini ya ziwa kumfuata dada yake aliyechukuliwa na mizimu. Mchapishaji mmoja alimwambia akifupishe kiwe cha darasa la nne, na mwisho aweke funzo. Naisoma sura ya kwanza nikiwa nimesimama, wateja wananisubiri. Nyavu zinavutwa usiku, zinatoka na nywele zilizosukwa. Ukifupisha hapo umeua.

Namkumbusha mwandishi Aniceti Kitereza, wa Ukerewe hukohuko. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa kwa Kiswahili 1980, mwaka uliofuata akafariki. Mzee anaitikia kwa kichwa, habari hiyo anaijua kuliko mimi. Mimi sitaki na yeye angoje hivyo. Namweleza kuhusu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, ambayo hupokea riwaya. Apeleke mswada mzima, bila kupunguza mizimu.

Saa 12 jioni. Tumekubaliana. Sura tatu za kwanza zikapigwe chapa steshenari ya jirani, zitoke kijitabu chembamba cha shilingi 3,000, kiuzwe hapa dukani, stendi ya Nyegezi na kwa abiria wa meli ya Nansio. Mpwa wangu atamrekodi mzee akisoma mwenyewe, sauti iuzwe kwa vipande kama zile simulizi za WhatsApp. Mzee anauliza kama jalada linaweza kuwa na picha ya ziwa usiku. Linaweza. Mchoraji wa mabango wa mtaa wa pili nitaongea naye kesho asubuhi.