Filta ya stopu 10 na buibui lililogeuka damu ya mzee

Wiki ya sita napigana na hii ND1000, filta ya kioo cheusi inayofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga ili shata ikae wazi muda mrefu, na leo ndo nimemjua mchawi, so naandika kabla sijalala maana kesho nitasahau nusu.

Sehemu ni ileile, Kunduchi, pale zinapopaki ngalawa, alfajiri maji yakiwa yamejaa. Canon 700D, lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Bila filta napata f/11, ISO 100, 1/15 ya sekunde, nikifunga filta inafika kama sekunde 68, bahari inatulia kama mtindi. Kwenye maji sina malalamiko. Rangi ndo imenitoa jasho. Kila picha inavaa zambarau inayoelekea wekundu, mchanga utadhani mtu kamwaga juisi ya rozela.

Mwanzo nikajua ni waiti balansi tu, yaani kamera imekosea kupima rangi ya mwanga. Nikaingia Lightroom, programu ya kuhariri picha, tinti (kitelezi cha kijani na zambarau) nikaivuta kwenda kijani mpaka -110, mchanga ukakaa sawa, nikashangilia peke yangu, kuja kuangalia mikoko ya nyuma majani ni kahawia kama yamepigwa na ukame. Haya, nikatengeneza majani, mbingu ikawa kijani cha chupa. Nilikesha hivyo, ni shuka fupi kabisa, ukifunika kichwa miguu inabaki nje.

Mshukiwa wa pili akawa tundu la kuchungulia. Ukiacha shata wazi dakika nzima na jua liko ubavuni kwa nyuma, mwanga unapenya pale na kuchafua picha. Kumbe kile kijiraba kilicho kwenye mkanda wa kamera kazi yake ndo hiyo, miaka yote mi najua ni pambo! Nikaziba. Ule mstari wa zambarau uliokuwa unakaa chini ya picha ukaondoka, ila zambarau ya picha nzima ikabaki palepale. Na kilichokuwa kinanichanganya zaidi, siku za mawingu inapungua karibu kuisha, naenda kulala nikijua nimemaliza, kesho jua likichomoza tu inarudi kwa hasira.

Sasa juzi niko uani napiga kadi ya kijivu (ya kupimia rangi) juani kupitia filta. Nyuma kwenye kamba mama mkubwa kaanika buibui lake, na chini ya kamba kuna makatambuga ya mtu. Naangalia skrini: buibui ni damu ya mzee! Kabisa, kama kitambaa cha sare ya shule. Makatambuga pembeni yake meusi ti. Mama mkubwa akachungulia begani kwangu.

"Mwanangu, buibui langu limechujuka hivi?"

"Hapana mama, ni kamera."

"Kamera gani ya hela zote hizo haijui jeusi."

Nikabaki nimesimama. Kwa sababu vitu viwili vyeusi, jua lilelile, picha ileile, kimoja kinageuka kingine hakigeuki, hiyo haiwezi kuwa waiti balansi hata ufanyeje, waiti balansi inasogeza vyote pamoja. Ni infraredi, mwanga ambao macho hayauoni ila kamera inauona. Rangi nyingi za vitambaa vya nailoni na polista zinaonekana nyeusi kwa macho ila infraredi zinairudisha, na majani ya miti ndo yanairudisha kupita kiasi. Mpira wa tairi umejaa masizi, unaimeza. Filta yangu inakata mwanga wa kawaida mara elfu moja lakini infraredi inaiachia ipite, na sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha, ina kioo chake cha kuizuia ila hakizuii yote. Kwenye 1/15 hicho kinachovuja hukioni, ukikaa sekunde 68 kinajilimbikiza mpaka kinakuwa sehemu ya picha.

Kuthibitisha nikachukua rimoti ya TV, kamera ya mbele ya simu, filta katikati. Chumba kizima kikazama giza, kitaa cha rimoti kinawaka kama hakuna kitu mbele yake. Nilicheka kwa hasira. Wiki sita, jamani, na kipimo kilikuwa juu ya kochi. Duka nililonunua waliniapia haibadilishi rangi kabisa.

Jamaa yangu anayepiga video za harusi kaniazima filta yake ya kukata infraredi, ni ya milimita 77 na lenzi yangu 58 so ikabidi ringi ya kukuzia, mbele kumekuwa kama sufuria. Leo asubuhi nimeenda nayo Kunduchi. Mikoko KIJANI. Ilibaki umanjano kidogo lakini umesambaa sawasawa, nikabofya kwenye kadi ya kijivu mara moja ukaisha. Tatizo jipya, kwenye 18mm pembe zinaingia ukijani-bluu, maana mipako ya hiyo filta haipendi mwanga wa kuingia mshazari. Nikisogea 24mm inapungua, naweza kuishi nayo.

Kwa wanaoniambia ninunue ile ND ya kuzungusha, unayoongeza giza kwa kuizungusha: hapana. Ukiikaza sana inachora msalaba mweusi katikati ya mbingu, nimeshaliwa hela hapo. Darktable, programu nyingine ya kuhariri picha, nayo nimeijaribu, ni ya bure na kwenye rangi iko makini kuliko nilivyodhani, ila kuijua ni kama kuanza darasa la kwanza upya.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kutengeneza profaili ya rangi ya hii filta (faili la kurekebisha rangi zake), halafu niprinti A3 moja ya sebuleni. Sijafanya hata kimoja. Nimepata wazo, kwa nini nisiache filta kabisa, nipige picha 80 za 1/15 mfululizo halafu nitafute wastani wake? Mchana nimejaribu na bomba la uani, kwa ImageMagick, programu ya kuchakata picha kwa amri, amri yenyewe evaluate-sequence mean, laptopu ikalia feni robo saa nzima nikadhani inakata roho. Maji yametoka kama uzi wa hariri. Buibui bado lilikuwa kwenye kamba, nyuma ya bomba, na limetoka jeusi.

Bamvua ijayo narudi Kunduchi na betri mbili. Filta ya jamaa bado ninayo, ameshapiga simu mara mbili.