Machicha na chemba havipatani

Fundi aliingiza waya kwenye chemba, akavuta, akavuta tena, ukatoka ugali wa kahawia unaonuka kama togwa iliyosahaulika wiki nzima. Akaniangalia. "Mzee, hapa kwako mnapika nini?"

Nikamlipa elfu ishirini yake, nikanyamaza. Yalikuwa machicha yangu ya bia. Jumamosi moja nilichoka, nikayasukumia kwenye sinki kwa mpira wa maji, nikaenda kulala.

Bia napika hapa hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, lita 20 kwa mkupuo, za kunywa mwenyewe na mashemeji wakitokea. Huku kwetu ni mtama na uwele, shayiri ni ya watu wa kaskazini, kwa hiyo kimea chake naagiza. Kilo 5 nazifunika na maji ya moto, nyuzi 66, saa nzima, ndani ya deli kuukuu la muuza aiskrimu. Kila kilo ya kimea inabaki na karibu lita nzima ya maji, kwa hiyo mwishoni unabeba mzigo mzito wa machicha ya moto. Hapo ndipo wengi wanaipa bia mgongo.

Kwanza niliacha kusaga kimea laini. Nilikuwa natoka mashineni na kitu kama unga wa uji, kinashika kila kona ya deli. Sasa naomba kiparazwe tu, maganda yabaki mazima.

Halafu mfuko. Nilinunua kitambaa chepesi cha pazia pale Majengo, fundi cherehani akakishona kwa kipimo cha deli, mishono ikiwa nje, maana ikiwa ndani punje zinajificha humo hadi uzitoe moja moja kwa njiti. (Tafadhali usitumie chandarua cha msaada. Kile kina dawa ya mbu.) Kimea kinalowekwa humo humo. Saa ikiisha nanyanyua mfuko, nautundika kwenye tawi la mwarobaini, ndoo safi chini yake, unadondosha huku mimi nawasha jiko. Ukiisha kudondosha naugeuza nje ndani juu ya turubai, naupiga piga mgongoni, machicha yanaanguka kama keki. Kuku wanawahi kabla sijamaliza.

Jirani mfuga nguruwe nampigia simu kabla hata sijabandika maji. Nikimpigia jioni anakuja kesho, na kwa joto la Dodoma machicha ya kesho yameshachacha na nzi wameshapata taarifa. Akiwa safarini nayatandaza membamba kwenye turubai juani, nayageuza mara mbili tatu mpaka yakauke, nawawekea kuku.

Deli ukiliacha likauke, umeumia. Ule utamu ukikauka ni gundi. Bia ikiwa bado inachemka nalisuuza kwa ndoo moja tu, nabakiza maji kidogo chini, nalifunika. Kuosha kwenyewe kunangoja kupoza bia. Maji ninayopitisha kwenye koili ya shaba, yaani bomba lililozungushwa ninalolizamisha kwenye bia, yanatoka ya moto kabisa mwanzoni, na mtaa wenye mgao wa maji haumwagi maji ya moto ya bure. Ndoo mbili za kwanza zinaosha deli, mwiko na mfuko. Koki ya deli naifungua vipande vyote, kwa sababu nyuma yake kuna kijitundu ambapo punje tatu nne zinakaa na kuozea humo. Nilihangaika miezi miwili na uchachu wa ajabu kwenye bia kabla ya kuzikuta.

Bibi yangu kule Kongwa alikuwa anapika pombe ya mtama na mtungi wake ulikuwa unaoshwa ungali na joto. Mimi nilidhani ni haraka zake tu.

Mfuko siufui kwa sabuni, harufu ya sabuni haitoki. Nausuuza, nauanika kwenye kamba ya nguo, mwisho kabisa, mbali na mashuka. Hilo la mashuka mama watoto alinielekeza mara moja tu.