Msiba wa mtoto aliyejiua, na sisi tunaoenda kutoa pole

Jamani leo naomba tuongelee kitu ambacho huku kwetu kinaongelewa kwa kunong'ona tu. Mtoto wa dada yangu alijiua, kijana mkubwa kabisa, huko Newala, Mtwara. Jina silitaji maana dada hajaniruhusu kuliandika, na namna ilivyokuwa siisemi pia kwa sababu haimsaidii mtu yeyote. Nachotaka kuongelea ni wazazi, nimekaa nao sana tangu siku ile na nimeona jinsi tunavyowaumiza huku tunadhani tunawafariji.

Lile la kusaliwa ndo lilianza. Maiti bado iko hospitali (kifo cha hivi polisi lazima waje, wachukue maelezo, mwili ukapimwe) na tayari barazani wazee wanabishana huyu anasaliwa au hasaliwi, na baba mtu amekaa palepale anasikia kila neno! Wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii na kwa Shafii anaoshwa, anavishwa sanda, anasaliwa na anazikwa na Waislamu wenzie. Ipo hadithi kwamba Mtume hakumsalia mtu aliyejiua, kweli ipo, lakini wanazuoni wengi wameielewa kuwa alitaka kuwaonya watu, si kwamba maiti aachwe bila swala. Na kuna nyingine kwenye Sahih Muslim, ya Tufayl bin Amr, mwenzake aliyehama naye kwenda Madina aliugua akashindwa kustahimili akajidhuru mikono akafa, Tufayl akamuota yuko kwenye hali nzuri ila mikono kaifunika, na Mtume aliposimuliwa akamuombea dua, Mola aisamehe na mikono yake pia. Sheikh mmoja alikaa chini akamsimulia dada hiyo hadithi taratibu, na dada mpaka leo akija mtu mwenye elimu anaomba asimuliwe tena. Majirani zetu Wakatoliki wa upande wa Ndanda na wao wana hofu hiyohiyo ya zamani, maana sheria ya Kanisa ya 1917 ilimnyima mazishi aliyejiua kwa makusudi, lakini ile ya 1983 haina tena kipengele hicho na Katekisimu inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao, Kanisa linawaombea. Kwa hiyo we mwenye elimu usikae nayo moyoni, iseme siku hiyohiyo, hapohapo barazani, kwa sauti.

Halafu maswali. "Kwani hamkuona dalili?" Huyo anayeuliza anajifanya ana uchungu kumbe anatafuta cha kwenda kusimulia. Mama mtu anajiuliza hilo swali kila usiku, hahitaji msaidizi. Na kwa kuwa huku ukoo unaenda kwa mama basi na wajomba hawakupona, mara mjomba kala hela ya korosho ya kijana, mara upande wa baba wana mambo yao ya kichawi, mara mwanamke, yaani kila mtu ana sababu yake moja anaitembeza. Mtu hafiki pale kwa sababu moja.

Kuna kitu sikukitegemea, watani. Msiba wa kawaida watani wanavaa hata nguo za marehemu, wanamuigiza anavyotembea, wanadai hela, mpaka wafiwa wenyewe wanacheka kidogo. Safari hii walikaa kwenye mkeka kimya kama wageni. Walidhani ndo heshima. Dada akaniambia, mdogo wangu, wamefanya kama vile mwanangu hajawahi kuishi.

Ndo maana mkiniuliza useme nini mi nawaambia taja jina lake. Sema alivyokuwa anakuchekesha, sema alikusaidia kubeba magunia siku ile ya mvua. Watu wanaogopa eti utamkumbusha, utamkumbusha nini, kwani kasahau?

Shemeji ndo alinitia wasiwasi zaidi. Wanawake wanalala na mama ndani siku zote za matanga, wanamuogesha, wanamlisha uji kwa kumbembeleza, ila baba yuko nje na wanaume wenzie wanaongea bei ya mnada wa korosho na mambo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), watu wakitawanyika anabaki peke yake na shamba lake. Hakulia mbele ya mtu. Kilichomsaidia ni mzee mmoja jirani aliyekuwa anabeba panga lake asubuhi anaenda nae kufyekea chini ya mikorosho, hawaongei, wanafyeka, na siku moja katikati ya kazi shemeji akaanza kuongea mwenyewe mpaka adhuhuri. Mzee hakumjibu kitu cha maana, alisikiliza tu. Huyohuyo mzee ndo alimsindikiza polisi kumalizia makaratasi, na hiyo msiichukulie poa, kwenda peke yako kujibu maswali ya mwanao si mchezo.

Wadogo zake marehemu msiwadanganye eti kaka kasafiri au kaanguka, watayasikia shuleni tu.

Dada aliwahi kuniuliza kama ni wao peke yao duniani. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 wanajiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Alikaa kimya, alafu akasema basi mama zao ni wengi sana.

Sasa hili mlisome vizuri. Watafiti wa University College London mwaka 2016 waliangalia vijana zaidi ya 3,400 waliofiwa ghafla, wakakuta waliofiwa na mtu aliyejiua walikuwa na uwezekano wa asilimia 65 zaidi wa kujaribu kujiua wenyewe kuliko waliofiwa ghafla kwa sababu za kawaida, na sehemu kubwa ilihusiana na kunyanyapaliwa. Ni vijana wa Uingereza, ila ninavyoona kunong'ona kwetu barazani hakuna tofauti. Msimu wa korosho ukifunguka ndo mbaya, maana kijana alikuwa anaokota nao, na arobaini imeshapita, wageni hakuna. Ukiona mzazi hali chakula, halali usingizi, anaanza kugawa vitu vyake, muulize wazi kabisa, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Watu wanaficha pia kwa kuogopa sheria, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa hapa kwetu Tanzania, wakati Kenya mahakama kuu ilishakibatilisha cha kwao Januari 2025. Isikuzuie. Usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya, waombe rufaa ya hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kama mko Lindi. Nauli ichangeni, si mlichanga ya sanda?