Shikamoo, Mjomba

Juzi tulikuwa tunamenya ndizi, binti yangu akaniuliza: "Mama, mjomba bado ana miaka minne huko mbinguni?"

Nikasema sijui.

"Maana mimi nina sita. Nikifika nitamwambia shikamoo, au yeye ndiye ataniambia mimi?"

Nikaweka kisu chini.

Surua ilimchukua mdogo wangu mwezi wa kumi, mimi nikiwa darasa la pili. Msiba wenyewe siukumbuki vizuri. Nakumbuka vumbi, akina mama wameketi juu ya majani ya migomba, na mchungaji akisema mtoto amelala, ataamka siku ya parapanda. Usiku nikamwuliza bibi hiyo parapanda inaliaje. "Utaisikia tu," akasema. "Haimpiti mtu."

Ninyi wa Kanisa la Moravian kule kwetu Rungwe, kusini mwa Tanzania, mmeshajua ninakoelekea.

Pasaka iliyofuata, kama saa kumi alfajiri, nikaisikia. Tarumbeta, moja kwanza, halafu nyingi, zinapanda kutoka bondeni ndani ya ukungu. Miaka yote nilikuwa naachwa nimelala, sikujua kwamba kwaya ya tarumbeta hupita alfajiri hiyo kuwaamsha watu waende makaburini. Nikaruka kitandani. Sikutafuta viatu. Nilitafuta sweta lake, lile la bluu, kwa sababu tulimzika na shati tu, na Rungwe mwezi wa nne mnaijua baridi yake.

Bibi aliniona na lile sweta mkononi, asiulize kitu. Akanishika mkono, tukaingia kwenye msururu wa kandili. Nyasi zilikuwa zimelowa, miguu ikafa ganzi. Makaburini watu walisimama kimya kila mmoja karibu na wake. Mimi macho yalikuwa kwenye tuta lake. Lilikuwa limeshaota majani, nikawa nawaza atapitia wapi.

Kisha mchungaji akaanza kusoma majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Alisoma taratibu, jina baada ya jina, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Nikangoja waitike. Bibi kizee wa jirani yetu akaitwa, kimya. Mzee mmoja wa kanisa akaitwa, kimya. Halafu likaja jina la mdogo wangu, la ubatizo na la ukoo, jina refu ambalo nyumbani hatukulitumia kamwe. Kimya. Shuleni asiyeitika huandikwa hayupo. Nikanyoosha sweta juu nikaitika kwa sauti yangu yote:

"Yupo!"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alinyamaza kidogo, akaendelea na jina linalofuata. Bibi alilichukua lile sweta, akalifunga ndani ya kanga yake kifuani. Jua lilipochomoza tarumbeta zikapigwa tena, watu wakaitikia amefufuka kweli kweli, na lile tuta lilikuwa vilevile.

Njiani nililia. Nikamwuliza bibi, amelala au amefika? Akasema Yesu alimwambia yule mhalifu msalabani, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. "Hakumwambia alale kwanza." Na akanikumbusha kwamba kwa Kinyakyusa kufufuka ni ukusyuka, na waliotutangulia tangu zamani tunawaita abasyuka. Neno ni lilelile.

Ukubwani nilisoma kwamba ibada hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, Pasaka ya 1732, vijana walipopanda makaburini kabla ya jua kuchomoza. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wa kanisa hilohilo la Moravian. Nilisoma pia Paulo akiwaandikia Wathesalonike habari za waliolala mautini. Kwa hiyo mchungaji alikuwa na Paulo, bibi alikuwa na Luka, aliyeandika maneno yale ya msalabani, na mimi hadi leo ninawabeba wote wawili bila kujua niwapatanishe vipi. Tena ni Paulo huyohuyo anayewaambia Wakorintho kwamba unachopanda si mwili utakaokuwa, ni punje tupu. Sentensi hiyo inanisumbua kila nikikumbuka lile sweta.

Ninalo. Bibi alipofariki nililikuta chini kabisa ya sanduku lake, limefuliwa, limekunjwa. Juzi, ndizi zikiwa bado hazijamenywa zote, nikamletea binti yangu. Akalivaa. Mikono iliishia kwenye viwiko. Akaitazama kwa muda mrefu, mmoja, halafu mwingine.

"Nitamwambia tu shikamoo," akasema.