Mvua Mahali Pasipo na Mtu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunakaa kwenye Ayubu 38:25-27, pale Mungu anapomwuliza Ayubu ni nani anayeinyeshea mvua nchi isiyokaliwa na watu, hata nyika tupu ikashiba na majani yakachipua.

Swali hilo limenipeleka mpaka jangwa la Mojave, jimbo la California, Marekani. Huko kuna mmea mdogo wa jamii ya karoti, ndugu wa giligilani na bizari nyembamba tunazozitia jikoni. Wataalamu wanauita Cymopterus deserticola. Duniani kote hauoti kwingine ila kwenye mchanga wa upande wa magharibi wa jangwa hilo, na sehemu kubwa imo ndani ya kambi ya jeshi la anga ya Edwards, mahali ambapo mtu haingii ovyo.

Hauna shina la kusimama. Majani yake yamechanika vipande vidogo vidogo kama ya karoti, yana kijani cha kijivu, na yamekaa chini karibu na mchanga. Katikati huinuka vikonyo, kila kimoja kimebeba kifundo cha maua madogo ya zambarau yaliyosongamana. Huchanua kati ya Machi na Mei, kisha majani hukauka na kupotea, ukabaki mzizi tu huko chini. Mvua za majira ya baridi zikikosekana, huenda mwaka huo usitoe hata jani moja. Ukipita juu yake utaapa kwamba hapo hapajawahi kuota kitu.

Kwenye ziwa kavu la kambi hiyohiyo ndipo chombo cha anga Columbia kilipotua tarehe 14 Aprili 1981, kikitoka safari yake ya kwanza. Ulimwengu ulikuwa ukitazama juu, katika mwezi ambao mmea huu huchanua.

Tumezoea kuhubiri kwamba jangwa lako litachanua na waliokudharau watakuona. Mimi naona andiko hili halisemi hivyo. Nyika ya Ayubu 38 haina mtazamaji, na mvua inanyesha vilevile. Ayubu alikuwa amezika watoto, ngozi yake imejaa majipu, rafiki zake wanamlaumu. Alidhani Mungu amemwacha. Mungu hamwelezi sababu ya msiba wake hata kidogo. Anamwonyesha maji yanayofika mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kusema asante. Kama huko hakusahauliki, basi na mtu aliyekaa majivuni hajasahauliwa. Kwangu hiyo ni faraja kubwa kuliko maelezo.

Nawafikiria dada zetu wanaouguza wazazi chumba cha ndani, usiku wa manane, kazi isiyotangazwa kanisani wala kupigwa picha.

Mmea huu nao unasumbuliwa, na magari yanayokimbizwa mchangani na ujenzi unaozidi kuingia jangwani. Mwanzo 2:15 inatuambia tuitunze bustani; sioni mahali iliposema tutunze kile tu tunachokula.

Tusome Ayubu 38 na 39 zote wiki hii, taratibu, ikiwezekana kwa sauti. Na kila mmoja amtafute mtu mmoja anayeuguza mgonjwa nyumbani, amwombee kwa jina, kisha ampigie simu.