Siku 28 za kidonge cha saa mbili usiku

Nilipokuwa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, tulipelekwa kwa mafunzo ya vitendo kwenye hospitali ya mkoa. Wodini niliogopa kitanda kimoja tu, cha mzee aliyekuwa akisubiri majibu ya makohozi. Nikipita pale nilibana pumzi. Joto nilimpima nikiwa nimenyoosha mkono kama ninayelisha mamba. Babu wa watu aliona, akaniambia, "Mjukuu wangu, si ufungue tu dirisha?" Nikalifungua kwa aibu. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na dirisha wazi lilitufaa wote kuliko vituko vyangu.

Dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu sikumwogopa. Alikuwa mcheshi, ana afya, tunataniana Simba na Yanga. Nilimtoa damu, nikairudishia sindano kifuniko chake maana kisanduku cha usalama, cha kutupia sindano zilizotumika, kilikuwa mwisho wa wodi. Swali la kutofunika sindano iliyotumika nilikuwa nimelipata kwenye mtihani, tena alama zote! Sindano ikateleza pembeni ya kifuniko, ikanichoma kidole cha shahada.

Nikaficha mkono mfukoni. Nilichokiwaza kwanza ni uso wa mkufunzi wangu, VVU vilikuja baadaye. Nilikwenda chooni nikakikamua kidole hadi kikaiva, jambo ambalo halitakiwi. Ilitosha kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Nikaendelea na kazi hadi alasiri, ndipo nikamwambia sista wa zamu. Hakunigombeza. Aliuliza, "Mgonjwa yuko wapi tumpime?" Alikuwa ameshapelekwa hospitali ya kanda kwa upasuaji wa mguu. Ningesema asubuhi, angeombwa ridhaa, akapimwa, na huenda yangeishia hapo.

Kliniki ya CTC, wanakohudumiwa wenye VVU, walinipima, wakanianzishia PEP. Dawa hizo za kujikinga na VVU hazitakiwi kuchelewa zaidi ya saa 72, na humezwa siku 28. Mshauri akanieleza kuwa hata mgonjwa angekuwa na VVU, sindano kama ile huambukiza watu wapatao 3 katika 1,000. Nikashusha pumzi. Kisha akauliza kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B. Nilikuwa na dozi moja kati ya tatu, nyingine nilikuwa naahirisha. Kwa asiye na kinga, sindano yenye virusi vya homa hiyo inaweza kuambukiza hata watu 30 katika 100. Miaka miwili nimeogopa UKIMWI na kikohozi, homa ya ini hata sikuwahi kuiota. Dozi ya pili nilichomwa palepale.

Kidonge nilimeza saa mbili usiku. Wiki ya kwanza kichefuchefu, usingizi haba. Kilichonisumbua zaidi ni kopo: linalia kama kayamba, na bwenini kila mtu anajua lile kopo ni la nini. Nikalijaza pamba lisisikike. Nikawakumbuka wagonjwa niliowafokea, "Mbona mnaficha dawa?" Mama alipopiga simu nilimdanganya kuwa nina malaria.

Siku ya tisa hivi mwenzangu wa kitanda cha juu aliliona. Nikamwambia yote. Akanyamaza kidogo, akasema naye alichomwa mwaka wa kwanza na hakumwambia mtu. Kesho yake nilimsindikiza akapime. Alikuwa salama, ila kwa mwaka mzima alikuwa akijipapasa shingo kila asubuhi kutafuta tezi zilizovimba, akihofia VVU.

Siku hizi kisanduku nakibeba hadi kitandani kabla sijafungua sindano, wenzangu wananiita mama sanduku. Kipimo cha VVU cha miezi mitatu kilitoka hasi, na wiki hiyohiyo nikamalizia dozi ya tatu. Mama nilimwambia siku hiyo. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akauliza kama nimekula.