Dodoma tuna ngoma, hatuna mtaa wa ngoma

Mbukwenyi ndugu zangu!

Juzi juzi hapa alikuja rafiki yangu kutoka Dar, kapanda treni ya SGR asubuhi, kazi zake za ofisini kamaliza jioni, akaniambia kaka nipeleke sehemu nikasikilize zeze. Nikabaki namtazama. Yani mimi nimezaliwa Dodoma, nimekulia Chang'ombe, na sikuwa na pa kumpeleka. Tukaishia Nyerere Square, tukapiga picha, tukala nyama choma, saa tatu usiku akarudi gesti kulala na hela aliyokuwa amepanga kutumia ikabaki mfukoni mwake.

Imeniuma, kwasababu sisi sio watu wa kukosa muziki. Tuna zeze, tuna ilimba (kile kibao chenye vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba), tuna muheme, ngoma ya Wagogo ambayo ngoma zake wanapiga akina mama wamezibana katikati ya miguu, ukiwasikia wakichanganya na zile sauti za Kigogo mwili unasisimka. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo lililoanza 2009, alilianzisha Dk. Kedmon Mapana ambaye ni mtoto wa huku huku, na vikundi vinatoka vijijini kuja kucheza. Ila tamasha ni siku chache, mwaka una siku 365, siku zilizobaki hao akina mama wanawaza mtama na uwele.

Na mjini wanaitwa lini? Akija kiongozi. Wanapakiwa kwenye fuso, wanacheza juani robo saa, wanapewa soda, wanarudishwa. Kuna kikundi nakifahamu kilisubiri malipo ya shughuli moja zaidi ya miezi mitatu. Hapo utamwambia nani mtoto wake ajifunze zeze?

Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki mkubwa wa ilimba na zeze, ni wa huku kwetu. Mwalimu Nyerere alimwita Dar miaka ya 60, baadae akaweka makazi Bagamoyo, akazunguka dunia na ilimba lake na kurekodi kwenye lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, akafariki 2003, na familia yake bado inaendeleza muziki huko huko Bagamoyo. Simlaumu hata kidogo, alienda palipokuwa na watu wa kufanya nao kazi. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, hiyo ndio TaSUBa ya leo, na pembeni yake kuna wachonga ngoma, wachoraji, walimu wa kucheza, wenye gesti, yani mtu anaenda Bagamoyo akijua kabisa anafuata nini. Dar ukitaka vinyago unaenda Mwenge, ukitaka picha za Tingatinga unajua pa kuzifuata. Wakiwa sehemu moja mteja wa huyu anakuwa mteja wa yule, fundi anaazima patasi kwa jirani, na mama ntilie anajua saa saba kuna watu wa kula.

Mimi nasema Dodoma tutenge mtaa. Sio jengo jipya la ghorofa, hapana, tuna majengo ya zamani kule Uhindini na kuelekea stesheni ya zamani, reli ya Mjerumani ilifika hapa 1910 kwahiyo historia ipo tayari. Fremu kadhaa wapewe mafundi wa zeze na ilimba, wasusi, akina mama wa shanga na vibuyu, na hata tembe moja ijengwe watoto wajue babu zao waliishi nyumba ya aina gani. Ijumaa na Jumamosi usiku gari zisipite, taa ziwake, vyoo viwe visafi (hiki watu wanakidharau sana lakini mama akishindwa kwenda chooni anaondoka na familia nzima), muheme ipigwe, pembeni kuna mlenda na ugali wa uwele, kuna zabibu na wine ya hapa hapa. Wakati wa Bunge la bajeti mji unajaa wageni wenye posho na jioni hawana pa kwenda!

Kitu kinachonitisha ni kodi ya pango. New York kuna mtaa unaitwa SoHo, wasanii waliingia kwenye viwanda vilivyoachwa wazi wakapachangamsha, watu wakaanza kupapenda, kodi ikapanda mpaka wengi wao wakashindwa, leo ni maduka ya bei mbaya. Hapa itakuwa vile vile, mwenye fremu akiona watu wamejaa mwezi wa pili tu anaongeza kodi na anataka ya mwaka mzima. Jimbo la Maryland huko huko Marekani lilitunga sheria mwaka 2001 ya maeneo ya sanaa, msanii anayefanya kazi ndani ya eneo anapata nafuu ya kodi ya mapato na anayekarabati jengo litumiwe na wasanii nae anaweza kupunguziwa kodi ya jengo. Sisemi tunakili kila kitu, ila jiji likiwa na fremu zake lenyewe likaandika mkataba wa miaka mitano bei isiguswe, msanii anapumua.

Yule rafiki yangu kanitumia meseji jana, anarudi na mke wake na watoto, safari hii wanalala siku tatu. Nimempigia mama mmoja wa kikundi cha muheme Chamwino, kakubali tuwapeleke nyumbani kwake, malipo mkononi siku hiyo hiyo.